Mazoezi ya Mkekani: Nani Yanamfaa?



Ndugu wanafunzi na wazee wetu, wengi wetu tukisikia neno mazoezi huwafikiria vijana wa mpira pale Maisara, au vile vikundi vinavyokusanyika kila tarehe 1 Januari. Mama mwenye watoto, na bibi anayepanda ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe huku ameshika goti, hujiona hayawahusu. Kumbe wao ndio wanaoyahitaji zaidi.

Yapo mazoezi yaitwayo Pilates, kwa jina la mwanzilishi wake Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimweka kizuizini, naye akawafundisha mazoezi wafungwa wenzake. Ingawa zipo mashine zake, yale ya msingi hufanywa mkekani. Mtu hulala au hukaa, akakaza misuli ya tumbo na kiuno, akanyanyua mguu au kiwiliwili taratibu, huku akivuta na kutoa pumzi kwa mpango.

Faida zake ni hizi:

1. Mwanafunzi. Anayeinamia kitabu skuli asubuhi na chuoni jioni huchoka shingo na mgongo. Misuli ikiwa imara, hukaa wima bila ya taabu. Lakini asiache kukimbia na kucheza, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

2. Mama. Mimba na uzazi hulegeza misuli ya tumbo na nyonga, hata wengine hutokwa na mkojo wanapokohoa, wakaona haya kusema. Mazoezi haya husaidia kurudisha nguvu, na hufanyika chumbani kwa stara. Mjamzito amuulize mkunga kwanza.

3. Mzee. Mwili hupata uimara wa kusimama, na hatari ya kuanguka hupungua. Asiyeweza kukaa chini afanye kitini.

4. Mwenye presha au sukari. Mazoezi humsaidia, lakini asibane pumzi wala asiache dawa. Amuone daktari kwanza, kisha aongeze na kutembea.

Wako wanaosema mazoezi si ya wanawake. Hao wakumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), kama alivyopokea Abu Daud. Mwili ni amana kwa kila mmoja wetu, mwanamume na mwanamke.

Anza na dakika 10, mara mbili au tatu kwa wiki. Ukihisi maumivu makali, acha. Nawe mwanafunzi, usiyasome haya ukayaweka. Msomee mama, na bibi mtandikie mkeka au msogezee kiti.

Wabillahi tawfiiq.