Kambi ya Wiki Mbili Haijengi Pumzi

Kila timu inaporejea kutoka mashindanoni bila ya nishani, maneno husikika barazani na maofisini. Huyu husema wenzetu wana vifaa, yule husema wenzetu wamezaliwa milimani, na wa tatu, ambaye aghalabu hajapata kukimbia hata kulikimbilia basi, husema vijana wa siku hizi hawana moyo. Sisi hatukubaliani na hata mmoja wao. Kwa maoni yetu kasoro iko katika hesabu ya siku. Mwanamichezo anayeitwa kambini wiki mbili kabla ya safari hawezi kushindana na mwenziwe aliyeanza kujitayarisha tangu mwaka uliopita, na hapana kocha awezaye kulibadilisha jambo hilo.

Ili kulieleza hayo tumechagua mfano ulio mbali kidogo na michezo tuliyoizoea visiwani, nao ni mbio ndefu za baiskeli za milimani. Katika mpira, mchezaji asiyekuwa na mazoezi aweza kujificha nyuma ya wenziwe, na pengine akabahatika kufunga bao. Katika mbio za siku nyingi hapana pa kujificha. Siku ya kwanza kila mtu ni hodari. Siku ya tatu ndipo miguu inaposema ukweli.

Mbio zijulikanazo kwa jina la Cape Epic zilianzishwa mwaka 2004 katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, na kwa kawaida hufanyika mwezi wa Machi. Huchukua siku 8. Njia yake hubadilishwa kila mwaka, lakini huwa baina ya kilomita 600 na 700, tena si ya lami bali ya mawe, mchanga na vichochoro vya milimani, na jumla ya kupanda kwake huwa mita 15,000 hivi. Msomaji wa Unguja na apime mwenyewe. Mwinuko wa Masingini, ambao ni wa juu kabisa katika kisiwa chetu, haufiki mita 150. Atakayetaka kufikia mita 15,000 kwa kilima cha mita 100 itampasa akipande mara 150, yaani karibu mara 19 kila siku kwa siku nane mfululizo. Aidha, washindani huenda wawili wawili, na sheria haiwaruhusu kuachana kwa zaidi ya dakika 2. Kwa hiyo aliyejiandaa vyema akifungwa pamoja na mvivu, wote wawili huwa wavivu.

Mtu hujengaje mwili wa kuhimili hayo? Jibu lake huwashangaza wengi: sehemu kubwa ya mazoezi hayo ni ya polepole. Mpanda baiskeli hukaa juu ya kiti saa mbili, saa tatu, baadaye saa tano, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenziwe bila ya kukatikakatika maneno. Akishindwa kuzungumza, amekwenda kasi mno. Katika mwendo huo wa upole moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo moja. Ndani ya misuli huota mishipa mipya, myembamba kuliko unywele, ya kupeleka damu mahali ambapo hapo kabla ilifika kwa shida. Na ndani ya chembe za misuli, vile viwanda vidogo ambavyo wataalamu huviita mitokondria, vyenye kazi ya kugeuza chakula na hewa kuwa nguvu, huongezeka. Mwili pia huzoea kutumia mafuta yake, ukaiwekea akiba ile sukari iliyomo ndani ya misuli kwa ajili ya mlima wa mwisho.

Mambo hayo yote yana desturi moja, nayo ni kwamba hayafanyiki kwa haraka. Hayaji kwa amri wala kwa barua ya ofisi. Huhitaji wiki kadhaa kuanza kuonekana, na miezi kadhaa kukomaa. Waliosoma chuoni watatufahamu kwa wepesi. Mwalimu wa chuo hampi mtoto juzuu thelathini kwa wiki mbili. Humpa kidogo, akamsikiliza, kesho akamrudisha kwenye ya jana kabla ya kumwongezea mapya, na mtoto aliyeacha kudurusu hupoteza hata alichokwisha kukihifadhi. Mwili nao una hifadhi yake. Mwenye kuacha mazoezi kabisa kwa wiki tatu au nne atakuta sehemu ya pumzi yake imekwisha toweka.

Basi kijana mwenye afya aanze kwa saa 6 hivi kwa wiki, aongeze kidogo kidogo mpaka afikie saa 10 au 12. Kila wiki ya nne apunguze, kwani nguvu hazijengeki wakati wa kuchoka. Hujengeka wakati wa kupumzika baada ya kuchoka, na hasa usingizini. Miezi ya mwanzo ikishapita ndipo huongezwa siku mbili za ukali katika wiki: dakika 4 au 5 za kwenda kwa nguvu nyingi, mapumziko ya kadiri hiyo hiyo, kisha kurudia mara nne au tano. Makosa ya vijana wengi, na ya makocha wenye kupenda kupuliza filimbi, ni kuifanya kila siku kuwa siku ya ukali. Hufurahisha macho ya watazamaji, na baada ya mwezi mmoja goti linauma, usingizi umepotea na hamu ya mchezo imekwisha.

Tumesikia hoja kwamba visiwani hakuna milima. Ni kweli kwa Unguja. Ndugu zetu wa Pemba, ambao vilima vyao havina majina makubwa lakini havikomi, watacheka. Hata hivyo Mwenyezi Mungu ametupa upepo. Mtu anayeelekea Makunduchi huku kusi inavuma usoni mwake hukanyaga kana kwamba anapanda mlima usiokuwa na kilele, na akitumia gia nzito miguu yake hupata kazi ile ile. Upepo haumfundishi kuteremka kwenye mawe, hilo tunakubali, na ustadi huo itabidi uwe na mahali pake. Lakini pumzi na nguvu ya mapaja vyaweza kupatikana hapa hapa.

Joto nalo, ambalo wageni hulilalamikia, ni mwalimu wetu. Mwili unaofanya kazi katika joto kwa siku 10 hadi 14 huzoea: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kupoteza chumvi kidogo zaidi, na mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ile ile. Wanamichezo wa nchi za baridi hulipa fedha nyingi kuyatafuta hayo. Sisi tumezaliwa nayo mlangoni, ila yataka busara. Mwenye kuanza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuchanganyikiwa katika joto yumo hatarini kufa, na wajibu wa aliye karibu ni kumpoza mara moja kwa maji mengi ya baridi na kuita msaada, wala si kumwambia ajikaze. Hatari ya pili haijulikani sana: kunywa maji kupita kiasi. Anayekunywa maji matupu saa nyingi kuliko jasho analotoa huipunguza mno chumvi ya damu, ubongo ukavimba. Anywe kwa kiu yake, na chumvi isikose katika chakula chake.

Kuhusu chakula hatuna haja ya makopo ya kutoka ng'ambo. Katika mwendo wa zaidi ya saa mbili mwili huhitaji gramu 60 hivi za wanga kwa kila saa, na waliokwisha kulizoesha tumbo lao hufika 90. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi. Ndizi, tende, viazi vitamu vilivyochemshwa na kutiwa chumvi: hiyo ni karamu ya mpanda baiskeli, na inauzwa Darajani. Katika miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, kwa hiyo kijana anayefunga hana budi kuipangia mapema. Kazi nyepesi na fupi ifanywe karibu na magharibi, ile ya ukali iwekwe usiku baada ya futari kutulia tumboni, na saa nyingi ziwe zimekwisha kukusanywa kabla ya mwezi kuandama. Kwa mara nyingine tunarudi kwenye kalenda.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wazungu na baiskeli zao za thamani. Na tumtazame ndugu yetu Alphonce Simbu. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Mwaka 2017 alipata nishani ya shaba katika mashindano ya dunia mjini London. Na mwezi wa Septemba 2025, mjini Tokyo, akawa bingwa wa dunia, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo ya sekunde, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kutoka Rio hadi Tokyo ni miaka tisa. Hiyo ndiyo kambi yake.

Afrika Kusini pia kuna funzo la aina hiyo. Christoph Sauser wa Uswisi, aliyeshinda Cape Epic mara tano, hakuridhika na kuchukua zawadi na kurudi kwao. Mwaka 2008, kwa kushirikiana na Songo Fipaza, alianzisha mpango kwa ajili ya watoto wa Kayamandi, mtaa wa watu wa kipato kidogo kandokando ya mji wa Stellenbosch. Watoto hupanda baiskeli baada ya skuli, na pia husaidiwa masomo yao. Tunaupenda mpango huo kwa kuwa ni wa kila siku, na mtoto haanzi siku ya kuandikishwa timu.

Mwenziwe Sauser katika ushindi wa mwaka 2011 na 2012 alikuwa Burry Stander, kijana wa Afrika Kusini, aliyekuwa wa tano katika Olimpiki ya London. Tarehe 3 Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 25, aligongwa na teksi ya abiria karibu na kwao, naye yumo mazoezini, akafariki. Alikwisha teremka milima ambayo wengi wetu tungeiogopa hata kwa miguu, aliuawa barabarani. Sisi tunaokutana kila alfajiri na vijana juu ya baiskeli zisizokuwa na taa, huku daladala zikishindana kuwahi abiria, hatuna haki ya kusema kwamba msiba huo ni wa watu wengine.

Kwa hiyo maombi yetu kwa wahusika si makubwa. Ipatikane njia moja, hata kwa saa mbili za alfajiri siku ya Ijumaa na Jumapili, ambayo askari wa usalama barabarani wataisimamia na magari yataipita taratibu. Katika bajeti ya michezo, kabla ya kununuliwa baiskeli kumi mpya, apatikane fundi mmoja mwenye kulipwa kwa mwezi, kwa maana tumeziona baiskeli nzuri zikifa kwa kukosa mnyororo. Mabinti wasiachwe nyuma, kwani moyo na misuli yao hujifunza kama ya kaka zao. Na barua za uteuzi zisingoje tiketi ya ndege. Kijana anayetakiwa kushindana mwezi wa Machi aipate barua yake mwezi wa Juni.