Kiungo cha haidroliki: dume kuingia kwenye jike hakutoshi

Tela la kutipu limepanda, mahindi yamemwagika, halafu linakataa kushuka. Dereva anavuta mkono wa haidroliki, wapi! Hapo wengi huanza kuilaumu pampu. Kabla hujaifungua, angalia kiungo cha kuchomeka mpira nyuma ya trekta.

Jike la kwenye trekta na dume la kwenye mpira wa tela, kila moja lina valvu yenye springi. Ukichomeka, ncha za valvu husukumana na njia hufunguka. Dume lisipofika mwisho, au likiwa la aina nyingine, mafuta ya pampu huweza kuisukuma valvu yake na kupita, lakini yakitaka kurudi yanaifunga. Ndiyo maana tela hupanda lisishuke.

Matrekta mengi ya kilimo hutumia kiungo cha nusu inchi cha ISO 7241, mfululizo A. Mfululizo B unafanana nao ukiutazama haraka, ila haviingiliani. Vipo pia vya uso bapa, ISO 16028, vinavyoonekana zaidi kwenye mitambo ya ujenzi. Hivi humwaga mafuta kidogo sana na ni rahisi kuvifuta vumbi. Ni vizuri, lakini ukivitaka itabidi ubadilishe pande zote mbili.

Panapowaponza wengi ni kwenye nyuzi za kufungia mpira. "Nusu inchi" ni jina tu: ukizipima kwa nje utapata karibu milimita 21. Zipo za BSP, na zipo za NPT ambazo ni za kawaida kwenye zana za Kimarekani. Kwa saizi ya nusu inchi, zote zina nyuzi 14 kwa kila inchi, kwa hiyo zitashikana mizunguko kadhaa na utadhani umepata. Lakini pembe ya uzi wa BSP ni digrii 55, ya NPT ni 60. Zitavuja, na tepu nyeupe ya fundi bomba haitakuokoa. Nenda dukani na kiungo cha zamani mkononi, usiende na picha ya simu.

Soma pia presha iliyogongwa kwenye chuma. Matrekta mengi hufanya kazi kwenye baa 180 hadi 200, na kiungo kisiwe chini ya kiwango cha juu cha trekta lako. Muuzaji akikutajia presha ya kupasuka, mwulize ya kufanyia kazi.

Kiungo kizuri nacho hukataa kuingia mpira ukiwa na presha, hasa tela likishinda juani. Usichukue nyundo. Shusha kifaa chini, zima injini, kisha sogeza mkono wa haidroliki mbele na nyuma mara kadhaa.

Ukitafuta mvujo, pitisha kipande cha boksi, kamwe si kiganja. Mafuta ya presha hutoboa ngozi kwa tundu dogo kama la sindano, na ndani yanaharibu nyama. Aliyetobolewa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu, na daktari aambiwe ni mafuta ya haidroliki.

Vile vifuniko vya plastiki vinavyokuja na kiungo navyo si pambo. Mchanga ukikaa kwenye ncha ya dume, utakaposukuma unaingia wote kwenye mafuta.