Gurudumu la Reki Likigoma, Nani Alipe?

Ndugu wafanyakazi, wengi wenu mko viwandani au kwenye mashamba ya mkonge, chai na miwa, na huenda hamjapata kuiona reki ya nyasi. Kwetu Kenya, katika mashamba ya nyasi za mifugo ya Bonde la Ufa, reki ndiyo inayotupa ugali. Nyasi zikishakatwa na kukaushwa na jua, trekta huivuta reki izikusanye ziwe matuta marefu, kisha huja mashine ya kufunga marobota.

Tunayoizungumzia hapa ni reki ya magurudumu yenye meno ya chuma. Haina injini, wala haizungushwi na shafti ya trekta. Magurudumu yake hukaa mshazari, na meno yanapogusa ardhi ndipo yanapozunguka. Ndugu wawili wa Uholanzi, Cornelis na Arij van der Lely, walianza biashara yao kwa reki ya namna hii mwaka 1948. Ni chombo rahisi, na kwa sababu hiyo wakubwa hudhani hakitaki matunzo.

Katika shamba moja dereva mwenzetu alikatwa mshahara kwa ajili ya meno 11 yaliyovunjika. Meneja alisema amekwenda mbio juu ya mawe. Dereva akasema gurudumu la tatu halizunguki, linaburutwa tu. Mwakilishi wetu hakubishana. Aliomba jambo moja: gurudumu lifunguliwe mbele ya watu wote.

Tunaeleza jinsi tulivyolifungua, maana wako wenzetu wanaoumia katika kazi hii. Reki iliwekwa mahali tambarare, trekta ikazimwa na ufunguo ukatolewa. Tukaweka magogo chini ya fremu, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa. Kisha tukailegeza springi inayobeba mkono wa gurudumu. Hapo ndipo penye hatari. Ukifungua bolti wakati springi imevutika, mkono huruka, na meno yale hayachagui jicho wala kidole. Tukatia alama za chaki pia, kwa sababu magurudumu ya kulia na ya kushoto hayafanani. Ncha za meno lazima zilale kuelekea nyuma ya mzunguko. Ukiyageuza, yatalima udongo na kuzoa nyasi bila kuziachia.

Kifuniko cha habu kilipotoka, hata meneja alinyamaza. Grisi ilikuwa imekauka na kuchanganyika na vumbi, mfano wa ugoro. Sili imepasuka, na rola za beringi zimeliwa na kutu, nyingine zimekwama kabisa. Beringi ikikwama gurudumu huburutwa, na meno hupinda hadi yakakatika, hata shamba likiwa halina jiwe moja.

Kuunganisha kwataka subira. Habu huoshwa kwa dizeli, si kwa petroli. Beringi mpya hushindiliwa grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa kwa mkono mpaka liwe zito, kisha nati hurudishwa kidogo ili gurudumu lizunguke jepesi bila kuchezacheza. Pini ya kuzuia nati iwe mpya. Ile ya zamani ukiinyoosha na kuirudisha, itakatika shambani. Mwisho springi hurekebishwa meno yaiguse ardhi kidogo tu.

Na meno yahesabiwe kila jioni. Jino likipotelea ndani ya robota huweza kuharibu mashine, na ng'ombe akimeza kipande cha chuma kinaweza kumtoboa tumboni hata kufika moyoni. Hapo atatafutwa mfunga marobota alaumiwe.

Sasa habari ya mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini pale tu uharibifu unapotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kutu iliyo ndani ya habu si makusudi ya dereva! Tena dereva huyu alikuwa ameandika katika daftari lake kwamba ameomba grisi mara tatu na kuambiwa stoo haina kitu. Mwisho wa mwezi fedha zake zilirudishwa.

Glavu na miwani bado tunadai. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, lakini mpaka sasa tumepewa glavu jozi moja kwa watu sita.

Tangu siku ile kila gurudumu limepakwa namba kwa rangi nyeupe. Siku lilipotiwa grisi huandikwa, na siku grisi iliponyimwa huandikwa vilevile, pamoja na jina la aliyeinyima. Daftari hilo analiweka mwakilishi wetu, si ofisi.