Soko Lililogoma Kuhama

Wajukuu zangu, hebu hesabuni siku za wiki. Mmefika saba? Basi kwa Waigbo wa kusini mashariki mwa Nigeria, hesabu ya asili huishia nne: Eke, Orie, Afo, Nkwo, halafu inaanza Eke tena. Zote ni siku za soko. Kila mji ulikuwa na siku yake, ili leo gulio liwe kwetu na kesho kwa jirani, na mama mwenye viazi vikuu vyake azunguke kote asikose mnunuzi. Hata watoto walipewa majina ya siku hizo. Ukikutana na mtu anaitwa Okeke, ujue ukoo wake una mvulana aliyezaliwa siku ya Eke; Okonkwo ni wa Nkwo.

Leo nawapeleka Onitsha, mji ambao soko lake lilinenepa mpaka likala siku zote nne. Mji huu umepigwa mizinga, umechomwa moto, daraja lake limelipuliwa, na soko bado liko palepale. Nimejiuliza sana kwa nini.

Tuanze na mto. Onitsha imekaa ukingo wa mashariki wa mto Niger, ikitazamana na mji wa Asaba ulio ng'ambo. Niger ni mto mkaidi. Unazaliwa katika milima ya Guinea, si mbali na Bahari ya Atlantiki, lakini unaipa bahari mgongo na kushika njia ya kaskazini mashariki hadi mlangoni mwa Sahara, kule Timbuktu. Hapo ndipo unapogeuka na kuteremka kusini. Ukifika Onitsha umekwisha tembea zaidi ya kilomita 3,500, na bado kidogo tu ugawanyike kuwa vijito vya delta. Kwa hiyo watu wa juu ya mto waliteremka na mitumbwi iliyojaa viazi vikuu na samaki wakavu, watu wa delta wakapanda na chumvi, na wa bara wakaja kwa miguu na mawese. Wote walikutania hapo.

Soko hilo la kale lilikuwa mikononi mwa wanawake. Mji ulikuwa na mfalme, Obi, lakini mambo ya soko yalikuwa na mkuu wake, mwanamke aliyeitwa Omu. Hakuwa mke wa mfalme. Alikuwa na cheo chake na baraza lake la akina mama, na ugomvi wa sokoni uliamuliwa kwao. Omu wa mwisho wa Onitsha, Nwagboka, alifariki katika miaka ya 1880, na hakuna aliyewekwa mahali pake mpaka leo. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa kuliko jengo lolote lililoungua pale.

Walilipana kwa nini? Kwa simbi, zile kauri ndogo za baharini. Na hapa, wajukuu wa pwani, kaeni vizuri. Simbi za zamani za Afrika Magharibi zilitoka visiwa vya Maldivi. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, waligundua kwamba simbi za Unguja na mwambao wetu zinapatikana kwa bei ya chini sana. Wakazijaza kwenye meli, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakazishusha magharibi, na kurudi Ulaya na mawese. Simbi zetu zilikuwa kubwa na nzito kuliko zile za Maldivi, na zilimwagwa nyingi mno. Pesa ikiwa nyingi kuliko bidhaa, hupungua nguvu. Mali iliyonunuliwa kwa simbi chache ikaanza kudai mafurushi, na matajiri waliozika akiba zao ardhini wakafukua utajiri uliokwisha punguka.

Julai 1857 meli ya mvuke ilitia nanga Onitsha. Ndani yake alikuwamo Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyetekwa na wauza watumwa akiwa kijana mdogo mwaka 1821, akaokolewa na kushushwa Sierra Leone. Baadaye, mwaka 1864, alikuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana. Alimwacha Onitsha mchungaji John Christopher Taylor. Wazazi wa Taylor walikuwa Waigbo walionyakuliwa utumwani. Yeye alizaliwa Sierra Leone, na sasa mtoto wao alikuwa akiikanyaga nchi ya asili yao. Misheni na duka la mzungu vilianza mwaka uleule wa 1857. Ujirani haukudumu kwa amani: mwaka 1879, baada ya ugomvi na wafanyabiashara hao, manowari ya Uingereza ilisimama mtoni na kuupiga mji kwa mizinga.

Soko likarudi. Shule nazo zikaongezeka, na wasomaji wakawa wengi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wenye mashine ndogo za kuchapa pale Onitsha wakaanza kutoa vijitabu vya Kiingereza vya bei nafuu: hadithi za mapenzi, tamthilia, ushauri wa namna ya kuandika barua au kutunza fedha. Waandishi walikuwa walimu, makarani, wanafunzi. Makosa ya chapa yalikuwa tele, na nani alijali? "Veronica My Daughter" ya Ogali A. Ogali, ya mwaka 1956, iliuzwa kwa maelfu mengi. Leo maktaba za vyuo vikuu Ulaya na Marekani huvitunza vijitabu hivyo kwa uangalifu kuliko vile vilivyotunzwa na waliovinunua.

Kuvuka kwenda Asaba bado kulihitaji pantoni. Chinua Achebe, aliyekulia Ogidi karibu na hapo, aliandika kitabu cha watoto, "Chike and the River", juu ya mvulana anayetamani kuvuka mto huo lakini hana nauli. Kilitoka mwaka 1966, wakati daraja refu la chuma lilikuwa ndiyo kwanza limekamilika. Daraja hilo halikufikisha hata miaka miwili salama. Vita vya Biafra, yaani vya nchi ya Waigbo kutaka kujitenga na Nigeria, vilianza mwaka 1967, na Oktoba ya mwaka huo majeshi ya Biafra yalilipua sehemu yake ili kuwazuia askari wa serikali. Askari wakavuka kwa maboti, wakaingia mjini, na Soko Kuu likateketea.

Vita viliisha Januari 1970. Wafanyabiashara waliokuwa na akiba benki walirudishiwa pauni 20 kila mmoja, hata yule aliyeweka maelfu. Sasa niambieni, mtu wa pauni 20 anafunguaje duka?

Waigbo walikuwa na dawa ya tangu zamani, wakaitumia kwa bidii mpya. Kijana hupelekwa kuishi na mfanyabiashara kwa miaka mitano, sita au saba. Halipwi mshahara. Anakula, analala na kuvishwa kwa tajiri wake. Alfajiri anafungua milango ya duka, anapanguza vumbi, anabeba mizigo ya wateja, na polepole anajua bei ya mwisho ya kila kitu. Tena anajifunza kwamba mteja haambiwi "hakuna". Akiulizia taa ambayo dukani haipo, kijana humkalisha kwenye kigoda, huchomoka mbio hadi duka la tatu, huichukua kwa mkopo, hurudi nayo na kuongeza chake juu. Wa Kariakoo mnacheka kwa sababu mnaujua mchezo huu.

Muda ukiisha, tajiri humpa mtaji: fedha, au bidhaa, pengine na kodi ya kizimba. Kijana anakuwa mshindani wa aliyemfundisha, kwenye safu ileile ya maduka. Hivyo ndivyo Onitsha ilivyojaza tena vizimba vyake, ikavuka watu milioni moja, na mtaa wa Iweka Road ukawa ghala kubwa la filamu za Kinigeria, zile mnazotazama zikitafsiriwa na wafasiri wa kwenu. Mwaka 2023 daraja la pili la Onitsha juu ya Niger lilizinduliwa rasmi.

Msidhani kila tajiri ni mwema. Wapo ambao, mwaka wa sita ukikaribia kwisha, humsingizia kijana wizi na kumfukuza mikono mitupu ili wasitoe mtaji. Shauri hupelekwa kwa wazee wa ukoo au chama cha wafanyabiashara wa safu hiyo, na hapo huwa neno la mkubwa dhidi ya neno la mdogo. Ndiyo maana siku hizi wazazi wengine huandikiana mkataba na tajiri, mashahidi wakiwapo, kabla mtoto hajapanda basi.