Mzinga wa baharini hauanikwi juani

CHUMA kilicholala baharini kwa karne nyingi huweza kuopolewa kikiwa na umbo lake kamili, hata herufi zilizochorwa juu yake zikisomeka, ilhali chuma chenyewe kimekwisha kutoweka.

Jambo hilo lina uzito Mombasa. Chini ya kuta za Fort Jesus, ubavuni mwa Mji wa Kale, yamelala mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama mwaka 1697, wakati Waarabu wa Oman walipokuwa wameizingira ngome hiyo. Kati ya 1977 na 1980 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yakishirikiana na taasisi ya akiolojia ya baharini yenye makao Marekani, yaliichimbua.

Chuma cha kusubu, kilichotumiwa kutengenezea mizinga mingi na matufe yake, huwa na kaboni ya asilimia 2 hadi 4. Sehemu kubwa yake aghalabu huwa vipande vyembamba vya grafiti, kitu kile kile kilichomo ndani ya penseli. Maji ya chumvi hukila chuma lakini hayaili grafiti. Kinachosalia ni ganda jeusi, jepesi, lenye matundu yaliyojaa kutu na chumvi; kisu hulikata. Huenda ndani kabisa kukabaki kiini cha chuma kizima.

Ganda hilo likikauka hewani, chumvi huchochea kutu upya, nalo hupasuka na kumomonyoka. Matufe yaliyotolewa katika merikebu zilizozama kwingineko yamewahi kupata moto yenyewe mara yalipokutana na hewa.

Kwa hiyo mtaalamu hukitia chombo ndani ya maji ya magadi, jamii ya yale ya Ziwa Magadi, kisha hukiunganisha na ncha hasi ya umeme. Hapo maji yanayokigusa hutoa gesi ya haidrojeni, na chumvi husukumwa nje. Kwa kuwa grafiti hupitisha umeme, viputo havizuki juu tu. Huzuka pia ndani ya matundu na pale ganda linapokutana na chuma kizima, navyo sharti vipenye grafiti ndipo vitoke.

Hatari ni hapo. Umeme ukiwa hafifu, gesi hupita polepole bila kudhuru. Ukizidishwa, viputo hulibandua ganda vipande vipande. Na kwa vile sura yote ya mzinga, pamoja na maandishi yake, imo katika ganda hilo, hubaki gogo la chuma lisilotambulika. Ndiyo maana mzinga mmoja huweza kukaa majini miezi, pengine miaka, maji yakibadilishwa na kupimwa hadi chumvi ikaribie kwisha.