Kuunasa Muziki wa Filamu kwa Sikio

Mkaazi wa Riruta huiona milima ya Ngong kila siku, ile ile ya filamu *Out of Africa* (1985). Je, akitaka kuupiga muziki wa filamu hiyo kwenye kinanda kwa kuusikiliza tu, aanzie wapi? Sehemu kubwa ilitungwa na John Barry. Hata hivyo, humo mna pia kipande cha polepole cha utungo wa klarineti na okestra ambao Mozart aliukamilisha mwaka 1791. Yafaa kuanza na hicho, kwa kuwa nakala zake zilizochapishwa zipo, na kosa la sikio hugunduliwa mapema.

Hapo ndipo wengi hutatizika. Mtu amerudia sekunde chache mara kumi, akanasa besi kwanza, kisha sauti ya juu, akaandika kwa ufunguo wa D. Anapofungua karatasi ya mpiga klarineti anakuta F! Sikio limemdanganya? La hasha. Klarineti hiyo ni ya A: nota iandikwayo C husikika A, yaani nusu toni tatu chini.

Solfa, ambayo wanakwaya wengi wa Nairobi wameizoea (ingawa baadhi ya wasomi huidharau), huondoa utata huo. So, do, mi za mwanzo hubaki hivyo, iwe D au F. Basi solfa iandikwe kwanza, ufunguo utafutwe baadaye.

Kwa Barry kazi huzidi: fidla nyingi hulia pamoja na sauti za kati hufichika. Hizo huachwa mwisho.