Je, Wajua? Shahada haimkingi mama mweusi Marekani

• Nchini Marekani, mwanamke mweusi mwenye shahada ya chuo kikuu yumo hatarini zaidi kufa kwa sababu za uzazi kuliko mwanamke mzungu ambaye hakumaliza sekondari.

• Mwaka 2023, kwa kila vizazi hai 100,000, walifariki kina mama weusi takriban 50. Kwa wazungu hawakufika 15. Vichanga nao hawakusalimika: mtoto mweusi yumo hatarini zaidi ya mara mbili ya mtoto mzungu kufa kabla ya kutimiza mwaka.

• Umaarufu nao si ngao. Mwaka 2017, siku moja baada ya kujifungua kwa upasuaji, bingwa wa tenisi Serena Williams alikosa pumzi. Aliwahi kuganda damu mapafuni, hivyo dalili alizijua. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Serena alishikilia apigwe picha ya CT. Damu ilikuwa imeganda mapafuni kweli.

• Zaidi ya asilimia 80 ya vifo vya uzazi nchini humo vingeweza kuzuiwa. Zaidi ya nusu hutokea wiki moja hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua.

Mzazi akisema hajisikii vizuri, aaminiwe na apimwe mara moja.